Kuandika ya moyoni na kujisemea mema: kinachosaidia na kinachodhuru

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya akina mama, ya wanafunzi, hata ya watu wa kazini, unaosema kila asubuhi uandike mara kadhaa "mimi nina furaha, mimi ni tajiri, sina tatizo lolote" na baada ya siku chache maisha yatageuka. Mwengine unasema kinyume chake: yatoe yote uliyonayo moyoni kwenye karatasi, lia, ichane, umepona. Wa tatu unatisha: ukiiandika huzuni unaiita, na mwenye kushukuru halalamiki. Mtu aliyefiwa, aliyeachika, au kijana anayengoja matokeo ya mtihani huyasoma yote matatu kwa siku moja, akabaki hana pa kushika.

Mkanganyiko huu unakuja kwa sababu mambo matatu tafauti yametiwa kapu moja. La kwanza ni kuandika ya moyoni: mtu anakaa peke yake na kulieleza kwa kalamu jambo linalomsumbua, lilivyotokea na lilivyomgusa. La pili ni kuandika mema: kuyaorodhesha mazuri yaliyotokea na sababu zake. La tatu ni kujisemea: sentensi fupi za kujipa moyo ambazo mtu anazikariri au kuziandika, "mimi naweza", "mimi ni mtu wa thamani". Yote hutumia maneno, lakini hayafanyi kazi moja, hayafai wakati mmoja, na kila moja lina namna yake ya kuharibika. Linaloyaunganisha ni hili: maandishi humsaidia mtu pale yanaposema kweli na kuipanga. Uzuri wa maneno peke yake hauna nguvu hiyo.

Na tunaposema hali njema ya moyo hatukusudii kufurahi kutwa. Mwenye moyo mzima huhuzunika akifiwa na hughadhibika akidhulumiwa. Ila huzuni na ghadhabu hazimkalii mpaka zikamkatia chakula, usingizi, kazi na watu.

Kwa nini kalamu inasaidia

Jambo lililomuumiza mtu na halikupata kuelezwa hubaki akilini vipande vipande: uso wa mtu, neno moja lililosemwa, mlio wa simu ya usiku ule. Vipande hivyo hurudi bila kuitwa, khasa mtu anapolala. Ukivifikiri tu, akili huruka kutoka kimoja hadi chengine na kurudi ilipoanzia. Ni kama mshipi wa kuvulia uliotatana: ukiuvuta ungali ndani ya ndoo, fundo linazidi kukaza, ukiutandaza mchangani unaiona ncha iko wapi. Kalamu inakulazimisha utandaze, kwa kuwa sentensi huandikwa moja baada ya nyengine. Lazima uchague lipi lilianza, nani alifanya nini, na kipi kilileta kipi.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Kila mmoja aliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Kundi moja lilipewa mada zisizo na uzito. Wengine waliandika juu ya tukio zito la maisha yao, na hawa wakagawiwa tena: walioeleza tukio tu, walioeleza hisia tu, na walioeleza tukio pamoja na hisia. Katika miezi sita iliyofuata, kundi hili la mwisho ndilo lililokwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Mpangilio huu unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unajibu ujumbe ule wa "toa yote, lia, chana". Kumwaga hisia bila kisa hakukutosha. Kueleza kisa kama ripoti ya polisi, bila kusema kilivyouma, hakukutosha pia.

Kuna jengine ambalo magrupu hayalitaji. Mara tu walipoweka kalamu chini, wanafunzi walioandika mambo mazito walikuwa na huzuni zaidi kuliko walipoanza. Faida ilikuja baadaye. Wengi huandika siku ya kwanza, wakajisikia vibaya, wakasema "hii hainifai" na kuacha, na kumbe hali hiyo ni ya kawaida na kwa watu wengi huondoka baada ya saa moja au mbili.

Tafiti za namna hii ziliongezeka sana. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizikusanya 146 na kuzipima pamoja. Alikuta faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Kuna wanaofaidika sana, kuna wasiofaidika kitu. Anayekuahidi kwamba daftari litaondoa sonona, kisukari na deni la duka anakudanganya. Pamoja na hayo, ni jambo lisilohitaji pesa wala safari ya mjini, na anayelifanya kwa utaratibu ana nafasi nzuri ya kupata nafuu fulani.

Namna ya kuandika: siku nne, dakika kumi na tano

Chagua jambo moja. Lisiwe lazima kubwa kuliko yote maishani mwako. Liwe lile linalokujia bila kuitwa siku hizi. Tenga dakika 15 hadi 20 kwa siku nne, zikifuatana au zikipishana kwa siku moja. Tia alamu kwenye simu ili usiwe unatazama saa. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, au baada ya Isha watoto wakishalala. Usiandike ukiwa tayari umeshapanda kitandani, kwa sababu ya ile huzuni ya papo hapo. Acha angalau saa moja kati ya kalamu na mto, na katika saa hiyo fanya jambo la mikono: osha vyombo, kunja nguo, andaa vitu vya asubuhi.

Andika bila kusimama. Usisahihishe herufi, usitafute Kiswahili cha mtihani. Mpemba aandike Kipemba chake, wa Makunduchi aandike kama anavyosema kwao, maana hapana wa kukisoma. Bibi au babu aliyesoma chuoni na anayeziweza herufi za Kiarabu kuliko za Kirumi aandike Kiswahili kwa hizo. Asiyeandika kabisa anaweza kukaa peke yake na kujirekodi kwa simu. Waliojaribu kuyasema ya moyoni mbele ya chombo cha kurekodi nao wamepata faida inayofanana. Ukikosa la kusema, rudia sentensi ya mwisho mpaka nyengine ije.

Siku ya kwanza eleza kilichotokea na kilivyokugusa. Ya pili, ingia ndani zaidi ya hisia. Ya tatu, tafuta sababu na uhusiano: jambo hili limefungamana vipi na watu wako, na utoto wako, na unachokitaka? Ya nne, andika unachokiona sasa ambacho mwanzo hukukiona, na lipi lililo mkononi mwako.

Tuchukue mfano wa mtu aliyegombana na nduguye juu ya shamba la mikarafuu la urithi. Siku ya kwanza: "Nilifika shambani nikakuta karafuu zishachumwa. Hakuniambia. Nilitetemeka." Ya pili: "Nasema nina hasira, lakini kuna zaidi ya hasira. Nimefedheheka, kwa sababu wachumaji na majirani walijua kabla yangu." Ya tatu: "Tangu baba afe hatujakaa kitako kuzungumza. Kila mmoja anafanya lake na kumngoja mwenzake akosee. Na mimi mwaka juzi nilikata miti miwili bila kumuuliza." Ya nne: "Karafuu zilizouzwa hazirudi. Naweza kumuomba ami yetu atukalishe kabla ya msimu ujao, na yaandikwe."

Tazama kilichobadilika: hasira imepata jina jengine, "kwa sababu" imeingia, upande wa pili wa mgogoro umeonekana, na mwisho limetokea jambo la kufanya. Hivi ndivyo Pennebaker na wenzake walivyogundua walipoyahesabu maneno ya waandishi katika utafiti wa 1997. Waliofaidika zaidi ni wale ambao kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho maneno ya sababu na ya kutambua, kama "kwa sababu" na "sasa naelewa", yalizidi kuongezeka. Waliokuwa na kisa kamili tangu siku ya kwanza, kisichosogea, walifaidika kidogo.

Kuipata hisia yenyewe

Kosa la kawaida ni kuandika "najisikia vibaya" na kuishia hapo. Hilo halielezi kitu. Je, ni huzuni, au ni upweke? Ni hasira, au ni kinyongo cha siku nyingi? Ni hofu ya kitakachokuja, au majuto ya kilichopita? Ni wivu, aibu, fedheha, unyonge, kero, uchovu, kuvunjika moyo? Kila moja linataka jibu lake. Mwenye upweke anahitaji watu; mwenye kuchoka anahitaji kulala; mwenye majuto huenda anahitaji kuomba radhi. Aliyeyaita yote "stresi" hajui aanzie wapi.

Kutaja hisia kwa jina lake kuna athari hata kwenye ubongo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipima ubongo wao. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, shughuli ya amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika sana na hofu, ilipungua. Kwa hiyo anza na neno moja, kisha jiulize: chini ya hili kuna lipi?

Pale kuandika kunapodhuru

Kuna watu ambao daftari huwaongezea maradhi. Khatari kubwa ni kuzungusha jambo lile lile kwa maneno yale yale, kila usiku, wiki baada ya wiki. Huko ni kutonesha kidonda. Ndiyo maana ya kuweka siku nne na kikomo cha dakika. Ukifika siku ya tatu na maandishi yako ni nakala ya siku ya kwanza, badilisha njia: andika kisa hicho ukijiita "yeye", kama kwamba unamsimulia mtu mwengine, au kiandike kama ambavyo mwenzako angekieleza. Ikiwa bado hakisogei, acha, tafuta mtu wa kuzungumza naye.

Walioachika karibuni wawe na tahadhari zaidi. David Sbarra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watu wazima 90 waliotengana na wenza wao muda si mrefu. Miongoni mwa wale waliokuwa tayari wanajiuliza mchana na usiku "kwa nini, kwa nini", walioandika hisia zao za ndani walichelewa kupata nafuu kuliko walioandika tu shughuli za siku bila hisia. Kwa mwanamke au mwanamme aliyetoka kwenye talaka na hawezi kuacha kuwaza, ushauri wangu ni huo wa pili: andika ulichofanya leo na utakachofanya kesho. Nimekwenda sokoni, nimelipa umeme, nimempeleka mtoto skuli. Talaka yenyewe isubiri.

Vilevile usianze na msiba mbichi. Baada ya janga la ghafla, mfano wa ajali za meli zilizotufika Zanzibar mwaka 2011 na 2012, siku za mwanzo mtu anahitaji watu wa kukaa naye, chakula, usingizi, na habari za kweli kuhusu jamaa zake. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumkalisha mtu aliyefikwa na mkasa na kumtaka asimulie yote ili "atoe". Akitaka kusema, asikilizwe, akinyamaza, aachwe. Watu wanaokuja kukaa na wafiwa matangani, wakachota maji na kupika, wanafanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Mjane aliye edani anayetaka kuandika angoje angalau mwezi upite. Na kanuni ni moja kwa kila mtu: ukihisi kwamba jambo fulani ukiliandika utashindwa kujizuia, usiliandike. Chagua jengine.

Anayepigwa au kunyanyaswa hivi sasa hahitaji daftari kwanza. Anahitaji ulinzi. Aende kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, au polisi, au kwa sheha wake.

Nyumba yenye watu wengi

Swali ambalo waandishi wa nje hawalipi uzito, na kwetu ni la kwanza, ni hili: nitaliweka wapi? Vyumba tunalala watu watatu wanne, mkoba unafunguliwa na yeyote anayetafuta sindano, simu inashikwa na watoto. Mtu anayeogopa kusomwa haandiki kweli, na asipoandika kweli hakuna faida.

Jibu ni kwamba si lazima kuweka. Faida iko katika kuandika. Tumia karatasi moja moja badala ya buku zima, na ukimaliza chana vipande vidogo au choma kwenye seredani. Ikiwa umetaja jina la Mwenyezi Mungu au umeandika aya, usitupe jaani. Choma, au roweka mpaka wino uondoke. Ukitaka kulinganisha siku ya kwanza na ya nne, weka hizo nne tu kisha uondoe zote pamoja.

Simu inafaa, lakini andika kwenye sehemu ya kumbukumbu, na kamwe usiandike kwenye WhatsApp ukikusudia kujitumia mwenyewe. Kidole kikikosea kidogo, ujumbe unaomhusu shemeji umeingia kwenye grupu la familia. Hali kadhalika stetasi. Kuweka dongo kwenye stetasi ili fulani alione ni jambo jengine kabisa: unaandika kwa ajili ya macho ya watu, unangoja nani kasoma, na moyo unazidi kupanda. Barua kwa aliyekukosea ni zoezi zuri mradi isipelekwe. Ukihisi lazima ipelekwe, ilaze siku mbili, kisha andika nyengine fupi iliyo na ombi moja tu.

Maneno mazuri usiyoyaamini

Tuje kwenye sentensi za asubuhi. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwataka watu wakariri moyoni sentensi yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendeka" kila waliposikia kengele. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Waliojiona duni walijisikia vibaya zaidi kuliko watu wa hali yao ambao hawakukariri kitu. Kwa maneno mengine, dawa hii iliwadhuru hasa wale inayouzwa kwao.

Sababu si ngumu. Akili ya mtu hujibu. Ukimwambia aliyekosa ada "mimi ni tajiri", ndani yake sauti inajibu "na deni la dukani je?" Kila akirudia sentensi, sauti nayo inarudia ushahidi wake, na ushahidi ni wa kweli. Anamaliza akiwa amejihakikishia unyonge wake mara kumi.

Sentensi inayosaidia huanza kwa kuikubali hali, kisha hutaja kitu kilichokwisha kufanyika au kinachoweza kufanyika leo. Badala ya "siogopi chochote", andika "naogopa usaili wa kesho, wa mara ya mwisho niliogopa hivi hivi na nikajibu maswali yote". Badala ya "mimi ni mama bora", andika "leo nimemfokea mtoto, na jioni nimemuita tukazungumza". Badala ya "kila kitu kitakuwa sawa", andika "sijui itakuwaje, ila Ijumaa nina miadi na daktari". Kipimo chake ni hiki: ukiisoma kwa sauti, je, ndani kuna kinachobisha? Kikibisha, ipunguze mpaka kinyamaze. Watengenezaji wa kanga walilijua hili bila utafiti. "Japo sipati, tamaa sikati" ni sentensi nzuri kuliko nyingi zinazotumwa asubuhi, kwa kuwa inaanza na ukweli wa kukosa. (Uangalie tu jina la kanga unalolichagua, mengine yameandikwa kwa ajili ya jirani.)

Njia nyengine iliyopimwa ni kujiita kwa jina. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" kabla ya jambo la kutia hofu, kama kuhutubia, walifanya vizuri zaidi na hawakubaki wakijilaumu sana baadaye. "Asha, umeshajiandaa, anza na lile swali unalolijua." Mtu humpa mwenziwe nasaha njema kuliko anazojipa mwenyewe, na jina linampa nafasi ya kusimama pembeni kidogo.

Kuhusu kuota ndoto za mafanikio, mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelitafiti kwa miaka mingi. Katika utafiti wake mmoja, wahitimu wa chuo kikuu waliojaa picha nzuri za kazi watakayoipata walipata, miaka miwili baadaye, nafasi chache zaidi na mishahara midogo kuliko wenzao. Kuona picha ya mwisho kunautuliza mwili kama vile umeshafika. Kijana aliyemaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na anatafuta kazi aandike hivi: ninachokitaka, kizuizi kikubwa kilicho ndani yangu, na sentensi ya "ikiwa". "Ikiwa nitaona haya kumpigia yule mkuu wa ofisi, basi nitapiga saa tatu asubuhi kabla sijafanya jambo jengine." Mistari mitatu inatosha.

Kuandika mema, bila kuzidisha

Hapa kuna utaratibu rahisi: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa nini yalikwenda vizuri. Martin Seligman na wenzake waliujaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Faida ilionekana hata baada ya miezi sita, khasa kwa walioendelea wenyewe. Sehemu ya "kwa nini" ndiyo inayorukwa na watu, nayo ndiyo kazi yenyewe. "Nimeshukuru kwa afya" iliyoandikwa siku saba haina uhai. "Mvua imenikuta Darajani na muuza samaki nisiyemjua akanipisha chini ya turubai lake, kwa sababu watu wengine wanaona mwenzao ananyeshewa" inakufundisha kutazama.

Baada ya wiki hiyo, punguza. Sonja Lyubomirsky alikuta kwamba walioorodhesha neema zao mara moja kwa wiki ndio waliopata nafuu, na waliofanya mara tatu kwa wiki hawakuipata. Likigeuka kazi ya nyumbani, halina ladha. Alhamisi usiku moja kwa wiki inatosha.

Na mema yasitumike kufunika mabaya. Kumwambia aliyefiwa na mtoto "andika neema zako tatu" ni ukatili, hata ukisema kwa sauti ya upole.

Je, kuandika huzuni ni kutoshukuru?

Wengi wanajizuia kwa hofu hii, na ni hofu ya watu wema. Anayejua Surat Yusuf anajua jibu. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na alipolaumiwa alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Huzuni aliitaja wazi, na subira yake haikupungua. Karatasi inaweza kuwa mahali pa kuyapanga hayo kabla ya mtu kuinua mikono kuomba.

Wengine wanauliza kama hili ni sawa na kombe. Sivyo. Kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kukoshwa ili zinywewe, ni jambo la imani na lina wenyewe wa kuulizwa. Zoezi tunalolieleza halina idadi ya kurudia, halina siku maalumu, na hakuna cha kunywa. Linafanya kazi, pale linapofanya, kwa kumpangia mtu mawazo yake. Anayefanya moja anaweza kufanya na jengine.

Wapo pia wanaodai kwamba maneno yana nguvu hata juu ya vitu. Picha za maji yaliyoganda yakawa na umbo zuri baada ya kuambiwa maneno mazuri, zilizoenezwa na Mjapani Masaru Emoto, hazikuthibitika katika majaribio yenye udhibiti unaokubalika kisayansi. Hali ni hiyo hiyo kwa mitungi ya wali inayotukanwa na kusifiwa ili ionekane upi utaoza kwanza. Maneno humgusa mtu kwa kuwa anayaelewa.

Orodha ya kesho, na daftari la daktari

Kwa anayekosa usingizi kwa sababu ya shughuli, kuna zoezi dogo linalofanyika kitandani bila tabu. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwataka vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo walilala kama dakika tisa mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, na orodha ilivyokuwa na maelezo zaidi ndivyo usingizi ulivyowahi. Basi usiandike "mambo ya skuli". Andika "saa mbili, kumuona mwalimu mkuu, kuchukua fomu, kwenda na picha mbili".

Ikiwa huzuni, au kukosa hamu ya vitu ulivyokuwa ukivipenda, imekukaa karibu kutwa nzima kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, chakula na nguvu vimebadilika, hiyo ni hali ya kumuona mtaalamu. Unguja kuna hospitali ya Kidongo Chekundu. Pemba anzia hospitali iliyo karibu nawe, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani, uulizie huduma ya afya ya akili. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje wiki mbili wala usibaki peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, aende nawe hospitalini.

Hapo kalamu ina kazi moja zaidi. Mgonjwa akifika mbele ya daktari husahau nusu, au huona haya. Kwa siku chache kabla ya kwenda, andika kila asubuhi mstari mmoja: umelala saa ngapi hadi saa ngapi, umeamka mara ngapi, umekula nini jana, umetoka nje au la, dawa gani unatumia na za nani, pamoja na mitishamba. Chini yake andika swali ambalo hutaki kulisahau. Mkabidhi daktari karatasi hiyo kabla hajaanza kukuuliza.